REGULATA MBOVU SI KOSA LA MPISHI



Kuna maneno matatu ambayo wapishi, mayaya na watumishi wa hoteli wameyasikia mpaka masikio yamechoka: "Bado inafanya kazi." Ukimwambia tajiri kwamba regulata ya gesi inavuja, jibu ni hilo. Ukimwambia mpira umepasuka, jibu ni hilo hilo. Friji ikiharibika fundi huitwa siku ile ile, kwa maana nyama ya tajiri itaoza. Lakini kifaa kinachozuia moto usimrukie mpishi chaweza kungoja mwisho wa mwezi, na mwezi wenyewe haufiki.

Twaandika habari hii kwa sababu ya jambo lililompata mwenzetu mmoja, mpishi katika nyumba ya mtu hapa Nairobi. Regulata ilikuwa ikitoa sauti kama ya nyoka kwa muda wa wiki tatu. Alisema mara moja, akanyamaziwa. Aliposema mara ya pili aliambiwa apake sabuni pale panapovuja. Akapaka. Asubuhi moja aliwasha kibiriti apike chai ya watoto wa shule, na moto ukamla mkono wa kulia na upande mmoja wa uso. Alipotoka hospitali alikuta mshahara wake umekatwa shilingi 1,200, bei ya regulata mpya, ati yeye ndiye aliyeiharibu ile ya zamani.

Sasa twauliza: regulata huharibiwa na nani?

Gesi ndani ya mtungi imesukumwa kwa nguvu nyingi, hata imekuwa maji. Regulata ndiyo huipunguza nguvu hiyo iingie jikoni polepole. Ndani yake mna springi na utando mwembamba wa mpira, na mpira ni kitu cha kuzeeka. Huzeeka kwa joto la jiko, huzeeka kwa mafuta yanayorukaruka, huzeeka hata kama hapana mtu aliyeugusa. Katika nchi nyingi watu hushauriwa kubadili mpira wa gesi baada ya miaka mitano hivi, na regulata isipite miaka kumi. Tarehe ya kutengenezwa mara nyingi imepigwa chapa juu yake, isomeni. Tajiri aliyenunua regulata mtoto wake akiwa mchanga, na sasa mtoto huyo anavaa sare ya sekondari, hana haki ya kuuliza nani ameivunja. Imevunjwa na miaka.

Dalili zake si siri ya mafundi, nasi twataka kila mwanachama azijue ili asizibwe mdomo. Gesi yenyewe haina harufu; ile harufu mbaya hutiwa makusudi ili watu waonywe. Basi ukiisikia na majiko yote yamefungwa, usikubali kuambiwa kwamba ni harufu ya takataka. Moto mzuri ni wa buluu. Ukiwa wa manjano na sufuria zinajaa masizi, safisha kwanza vitundu vya jiko, maana pengine ni uchafu tu, na sisi hatutaki kuisingizia regulata. Lakini moto ukipanda na kushuka wenyewe bila mtu kugusa kitu, ikiwa mtungi haujakaribia kuisha, hapo lawama yaielekea regulata. Na ukiifunga regulata huku jiko linawaka, moto wapasa kufa baada ya muda mfupi sana. Ukiendelea kuwaka, kifaa hicho hakifungi tena. Kadhalika ile isiyoshika vizuri juu ya mtungi, ikawa inachezacheza kama jino la mtoto. Hiyo haitengenezwi. Hutupwa, ikanunuliwa nyingine.

Wenye mtungi mdogo wa kilo 6, ambao meko yake hufungwa moja kwa moja juu ya mtungi, hawana regulata, lakini wana vali na kile kipete kidogo cha mpira. Kipete kikiwa kimekatika au hakipo, mtungi huo urudishwe kwa aliyeuuza. Usiifungue vali mwenyewe kwa spana, hata kama wewe ni fundi wa magari.

Juu ya sabuni tuseme wazi, kwa sababu hapa wengi wetu tuna makosa. Povu la sabuni ni la kutafutia mahali panapovuja: funga majiko, fungua mtungi, paka povu penye maungio, na mapovu yakivimba umeona. Kibiriti kisitumiwe kwa kazi hiyo kamwe. Lakini kuziba kwa kipande cha sabuni, au kufunga mpira uliopasuka kwa utepe wa tyubu ya baiskeli, ni kumfichia tajiri aibu yake kwa ngozi yako. Wako wenzetu wanaojisifu kwa ufundi huo. Twawaomba waache. Kila siku unayoziba ni siku tajiri anayosema, "Mnaona? Bado inafanya kazi."

Mambo ya hoteli ni mabaya zaidi. Majiko makubwa mengi yana kifaa cha kukata gesi moto unapozimika wenyewe. Kifaa hicho kikichakaa, ukiachilia kitufe moto huzimika. Badala ya kununua kipya tumeona kitufe kimekazwa kwa kijiti au kufungwa kwa uzi ili kisirudi! Hapo moto ukizimwa na upepo, gesi huendelea kutoka, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa hutambaa sakafuni, hukusanyika chini ya meza, ikangoja cheche. Mkiikuta hali hiyo, fungeni mtungi, fungueni milango, msiwashe taa wala feni, kisha tokeni nje.

Tajiri atasema, mfanyakazi anayetoka jikoni ni mkaidi. Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake akiona hatari kubwa, na yamzuia mwajiri kumrudisha mahali pale kabla hatari haijaondolewa. Na kuhusu zile shilingi 1,200, Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo, kifungu cha 19, yaruhusu kukata mshahara kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Makusudi! Nani aliyeona mpishi akiuzeesha mpira kwa makusudi?

Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gesi ilipolipuka Mradi, Embakasi, wakubwa walikuja na maneno yao, na ilikuwa haki waje, kwa maana watu waliuawa na mamia wakaumizwa. Lakini mpishi mmoja akiungua katika jiko la nyuma, hapana gari la mkubwa linalosimama mlangoni. Habari zake huishia kwa daktari na kwa yule anayekata mshahara.

Kwa hiyo mkiona dalili tulizozitaja, semeni kwa mdomo, kisha andikeni kwenye karatasi, mweke tarehe, na nakala mlete kwa katibu wa tawi. Asiyejua kuandika aje ofisini tumwandikie. Yule ndugu yetu hakuwa na karatasi, na sasa tajiri anakana kwamba aliambiwa lolote. Yaya wa nyumba ile alisikia mara zote mbili, naye amekubali kusema. Twadai fedha zilizokatwa na malipo ya jeraha, na tutawapa habari katika toleo lijalo.