Joho la Picha na Kanzu ya Kazi

Karibu kila familia yetu iliyotoka Unguja, Pemba au Mombasa, ikaishia Maskati, Dubai, London au kwengineko, ina picha moja inayofanana na za wenzao. Mzee ameketi kwenye kiti cha kuchongwa, joho jeusi begani, kilemba kichwani, jambia kiunoni, mkono mmoja juu ya goti. Chini yake wajukuu wameandika jina lake, la baba yake na la babu yake, kisha jina la kabila. Picha hiyo husambazwa katika makundi ya simu ya ukoo, ikapokewa kwa dua na fahari. Mimi pia naipenda. Hata hivyo nashikilia kwamba, katika picha zote tulizorithi, hiyo ndiyo inayotuambia machache zaidi kuhusu mtu aliyeketi pale. Na tukiendelea kuziandika historia za koo zetu kwa picha za namna hiyo peke yake, tutawarithisha watoto wetu watu ambao hawakupata kuwepo.

Tuitazame picha yenyewe. Kwa wazee wetu, kupigwa picha halikuwa jambo la kila siku. Walikwenda studio, iwe ile ya A. C. Gomes ya karne ya 19 au Capital Art Studio aliyoifungua Ranchhod Oza hapo Unguja mwaka 1930, kama mtu aendaye kwenye harusi: wamekoga, wamejifukiza udi, wamevaa nguo za Idi. Asiyekuwa na joho aliweza kuazima la shemeji yake. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri. Mbele ya kamera ilisitiri vizuri sana, na inaendelea kusitiri hata leo. Pazia la nyuma lilikuwa la mpiga picha, kiti kilikuwa cha mpiga picha, na hata namna ya kuweka mkono pengine ilikuwa amri yake.

Mfano ulio mashuhuri kuliko yote ni wa Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na kuondoka Unguja mwaka 1866. Picha yake inayojulikana zaidi inamwonesha katika mavazi ya Kiarabu, na wengi huidhani ni picha ya binti wa mfalme nyumbani kwao. Ilipigwa Hamburg, wakati yeye ni mke wa mfanyabiashara wa Kijerumani na nguo zake za kila siku ni za Kijerumani. Lakini Salme huyo huyo alituachia pia kitabu cha kumbukumbu, kilichochapishwa mwaka 1886, na humo alikaa chini akaeleza vyumba vya Mtoni, nguo za wanawake wa nyumba ile, vito vyao, milo yao na watu waliowahudumia. Picha ya Hamburg tunaitundika ukutani, ilhali nyumba ya Mtoni tunaiona kwa sababu ya kurasa zile.

Sasa tumtazame mzee wetu wa kwenye kiti, lakini siku ya Jumatatu. Wengi wa Waarabu waliovuka kutoka Oman mwanzoni mwa karne ya 20 hawakuwa na mashamba ya mikarafuu. Wenyeji waliwaita Wamanga, na wengi wao waliishi kwa biashara ndogo: duka la shamba, kununua karafuu na mbata, kuuza sukari, chumvi na mafuta ya taa. Mtu wa namna hiyo alivaa kanzu ya hudhurungi. Neno hilo leo ni jina la rangi tu, lakini zamani lilikuwa jina la kitambaa chenyewe, kile cha pamba ya rangi ya udongo kilichotoka Oman. Kamera ya zama zile haikujua hudhurungi, iliigeuza kijivu. Hatuoni pindo lililokula vumbi la njia, wala doa la mafuta ya taa kifuani, wala makubadhi yaliyoshonwa mara tatu. Hatuoni mizani iliyoning'inia, magunia yaliyopangwa mpaka darini, na kitanda cha kamba nyuma ya duka alikolala peke yake miaka mingi kabla ya kuweza kuoa.

Kumvisha mtu huyo joho la kudumu si heshima kamili. Miongoni mwa waliouawa Januari 1964 walikuwamo Wamanga wa maduka ya shamba, watu waliokuwa na mizani na deni la tajiri wa mjini. Mjukuu anayemjua babu yake kwa joho tu hawezi kuelewa aliishi vipi na majirani zake, alikopesha nani, alikopa kwa nani, wala alikufa kifo cha nani. Atamlilia bwana mkubwa ambaye hakuwako, na mwenye duka aliyekuwako hatapata wa kumlilia.

Kwa upande wa bibi zetu, maneno yana kazi kubwa zaidi, kwa sababu wengi wao hawakupigwa picha kabisa. Sitara ilikataza, au mume alikataza, au hapakuwa na pesa ya kupoteza. Picha yao pekee ni ile iliyomo katika kumbukumbu za waliowaona, na hao wanapungua kila mwaka. Bado wapo wazee wanaokumbuka ukaya mwepesi uliofunika kichwa, suruali ya marinda iliyobana kwenye kifundo cha mguu, barakoa iliyoacha alama ya rangi puani, na buibui jeusi lililoenea mwanzoni mwa karne ya 20 mpaka likawa vazi la kila mwanamke wa mjini. Na wanakumbuka kanga. Pale picha ipo, kanga huweza hata kutusaidia kukisia umri wake, maana maandishi ya mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na za Kirumi zikaja baadaye. Lakini kanga inayotufaa zaidi ni ile iliyochuja, aliyojifunga kiunoni akiketi juu ya mbuzi kukuna nazi, kwa sababu hiyo ndiyo aliyoichagua mwenyewe dukani, kwa maneno yake na kwa sababu zake.

Nafika kwenye jambo zito zaidi. Picha nyingi za nyumba zetu hazina mtu mmoja. Tazama ukingoni. Mara nyingi kuna mwanamke amesimama karibu na mlango, amembeba mtoto wa bwana, miguu mitupu, amejifunga kitambaa cheusi kifuani. Au kijana mwanamume, kichwa wazi, mkono mmoja umekatwa na fremu. Maelezo ya chini hayawataji. Tunapozitia picha hizo katika kompyuta huwakata kabisa, tukidai kwamba tunaisafisha picha.

Nguo zao zinasema waziwazi. Kitambaa kile cheusi ni kaniki, kilichotiwa nili, nafuu kuliko vyote pamoja na merikani, ile pamba nyeupe iliyokuja kwa majahazi ya wafanyabiashara wa Massachusetts, hasa baada ya mkataba wa Sayyid Said na Marekani wa mwaka 1833. Hizo ndizo zilizokuwa nguo za watumwa. Mtumwa mwanamume hakutarajiwa kuvaa kofia wala viatu mbele ya waungwana. Kichwa wazi na miguu mitupu vilikuwa tangazo. Na watu waliyafahamu matangazo hayo vizuri, kwani hali ya utumwa ilipoondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, walioachwa huru walibadili nguo. Wanawake waliiweka kando kaniki wakanunua kanga za rangi. Wanaume wakavaa kanzu na kofia. Doti ya kwanza ya kanga ya mwanamke yule ilikuwa cheti chake cha uhuru, na alikinunua kwa jasho lake.

Masuria waliachwa nje ya amri ile, wakangojea mpaka mwaka 1909. Hapo ndipo habari inapotugusa sisi wenyewe. Mtoto wa suria alikuwa huru, akachukua jina la baba na kabila la baba, akaingia katika shajara kama ndugu zake wengine. Mama yake hakuingia. Mama wa Sayyida Salme alikuwa suria wa Kicherkesi, na binti alimwandika kwa mapenzi. Bibi zetu waliotoka Nyasa au Manyema hawakupata binti wa kuwaandika. Wengi tunaojivunia joho la katikati ya picha tuna damu ya kaniki ya ukingoni pia.

Najua wazee wetu watakalosema, nami siwapuuzi. Watasema aibu ya nyumba haitolewi nje, na kwamba sitara ya maiti ni wajibu wa aliye hai. Ni kweli. Lakini kueleza kwamba mtu alivaa kaniki na kutembea bila viatu si kumwaibisha. Yeye hakujivika. Kama ipo aibu, ni ya mpango uliomvika hivyo, na kumfuta kwenye picha ni kuusitiri mpango kwa gharama ya mtu. Wengine watasema kwamba habari za nguo na vyombo ni mambo madogo mbele ya nasaba. Nasaba tumeihifadhi vizuri, alhamdulillahi. Tunaweza kupanda vizazi kumi bila kukwama. Ila nasaba hutuambia mtu alitoka kwa nani. Nguo, kiti, mlango na chungu hutuambia aliishi na nani na alikula kwa kazi gani, na hayo ndiyo tuliyoyapoteza.

Kazi yenyewe haihitaji elimu kubwa. Unapokaa na mama mkubwa au mjomba, kabla ya kumwuliza fulani ni mtoto wa nani, mwulize alivaa nini siku ya kazi, na nguo ile ilikuwa rangi gani. Mwulize alivaa viatu gani, na kama alivivua mlangoni au ukumbini. Alikaa wapi jioni, juu ya baraza au ndani? Alipita nani mbele yake, na nani alimsalimu kwa kusimama? Nani alimfulia kanzu ile? Swali hili la mwisho limefungua milango mingi kuliko maswali yote ya ukoo, kwa sababu jibu lake ni mtu, na aghalabu mtu huyo hayumo katika shajara.

Kisha andika chini ya picha unachokiona, hata kama jina hulijui. "Mwanamke huyu jina lake halikuhifadhiwa. Amevaa kaniki, amembeba babu yetu akiwa mchanga, anatazama kamera." Sentensi hizo mbili ni haki yake ya chini kabisa. Na picha isikatwe. Ukitaka kuikuza sura ya mzee, fanya nakala, lakini ile nzima ibaki nzima.

Wala tusidhani kwamba kazi hii ni ya wafu tu. Wazazi wetu walioondoka baada ya 1964 wamevaa historia nyengine tunayoiacha ipite. Yuko baba aliyevaa koti zito juu ya kanzu kwenda msikitini katika baridi ya Uingereza, na kesho yake akavaa ovaroli ya kiwandani. Yuko aliyerudi Oman baada ya 1970, akaivua suruali, akajifunza kuvaa dishdasha ya ofisini na kufunga kilemba kama wenyeji, huku kofia yake ya Unguja, yenye vijitundu vilivyozungushiwa uzi kwa mkono, ikionekana kuwa ndugu wa damu wa kuma ya Maskati. Yuko mama ambaye nje ni abaya nyeusi, na ndani, jikoni, ni kanga mbili na Kiswahili. Watoto wake wamempiga picha mia katika simu zao, karibu zote za sikukuu.

Leo hii yumo jikoni. Aandikwe alivyo, kanga yake ina maneno gani na imechuja upande upi, kiti chake ni kipi, na anampigia simu nani akimaliza kupika. Na mwenye ile picha ya joho, aitazame kwanza ukingoni kabla ya kutazama katikati.