Shukrani Kabla ya Ombi la Pili

Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 huyataka mashirika ya Tanzania yawasilishe kila mwaka taarifa ya kazi na hesabu zilizokaguliwa. Lakini yule mama muuza vitumbua aliyetuma shilingi 5,000 kwa simu ili mayatima wanunuliwe madaftari hapati ila ujumbe wa kampuni ya simu kuwa salio lake limepungua, na sauti ya shirika huisikia tena siku linapohitaji fedha nyingine. Hii, kwa rai yangu, ni dhuluma, kwani sadaka ni amana, na mwenye kuitoa ana haki ya kujua ilikofikia. Aandikiwe kwa jina lake, juma lile lile, kwamba fedha imepokelewa. Na madaftari yakishanunuliwa aelezwe yalikuwa mangapi, hata kama yamepungua kuliko ilivyoahidiwa, maana mtoaji husamehe upungufu alioarifiwa mapema. Wala asitumiwe picha ya yatima anayelia: mtoto naye ana heshima yake. Tangu Marekani ilipokatiza misaada yake mingi mwaka 2025, mashirika yanazidi kuwahitaji hawa watoaji wa mtaani. Basi wawekewe daftari lao, na aliyekawia kutoa apigiwe simu kujuliwa hali.