Kuzima intaneti si kulinda usalama

Kutoka Ghubra, Muscat

Kuna neno linalotumika sana huko nyumbani kila uchaguzi unapokaribia, nalo ni usalama. Kwa jina la usalama watu huambiwa wasikusanyike na wasipige picha, na siku hizi, kwa jina hilo hilo, huzimiwa intaneti. Suala langu ni moja tu: usalama wa nani?

Tukumbushane. Oktoba 27, 2020, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu wa Tanzania, WhatsApp, Twitter na mitandao mingine ilianza kugoma, Bara na Visiwani. Miaka mitano baadaye likaja kubwa zaidi. Oktoba 29, 2025, siku ya kupiga kura, maandamano yalizuka Dar es Salaam na miji mingine, jeshi likatoka, watu wa Dar wakaamriwa wasitoke nje usiku, na intaneti ikafungwa nchi nzima. Haikuanza kurudi mpaka Novemba 3, siku aliyoapishwa Rais Samia Suluhu Hassan huko Dodoma.

Sisi tulioko Ghubra tunapishana na nyumbani saa moja tu, lakini siku zile nyumbani palikuwa mbali kuliko zama za majahazi. Unamwandikia mama ujumbe, unabaki na tiki moja asubuhi mpaka usiku. Aliyebahatika kupata simu ya kawaida aligeuzwa kituo cha habari cha mtaa mzima: kila mtu anamuuliza yeye, naye anasimulia alichosikia, si alichokiona.

Wanaotetea ufungaji huu husema mitandao hueneza uvumi na chuki. Hoja hii haifai kupuuzwa. Ni kweli zipo picha za vita vya nchi nyengine zinazosambazwa kama za kwetu, na wapo wanaochochea fitina wakiwa wamekaa salama ng'ambo. Lakini uvumi hauhitaji intaneti. Januari 26 na 27, 2001, walipouawa watu Unguja na Pemba, ni wangapi huko waliokuwa na intaneti? Uvumi ulikuwepo, tena mkubwa, na mengi ya ukweli tuliyapata kwa ndugu zetu waliovuka bahari wakakimbilia Shimoni, Kenya. Mwaka 2002 tume iliyoongozwa na Hashim Mbita ndiyo iliyotoa ripoti. Na Novemba 2025 ikaundwa tume nyengine, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Tume yoyote inahitaji ushahidi, na ushahidi wa zama hizi umo katika simu za watu. Intaneti iliporudi, polisi waliwatumia wananchi ujumbe wa kuwaonya wasisambaze picha za kuleta taharuki. Ukimtisha mwenye picha, tume itauliza nini, na itamuuliza nani?

Hebu tuangalie jirani. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kenya iliingia katika mauaji yaliyochukua roho za watu zaidi ya 1,100. Ujumbe wa chuki ulikuwa ukipita katika simu, na serikali ikafikiria kuzima huduma ya ujumbe mfupi. Mkuu wa Safaricom wakati huo, Michael Joseph, alishauri badala yake wateja watumiwe ujumbe wa amani, na ndivyo ilivyokuwa. Januari 2008 vijana wa Kikenya wakatengeneza programu wakaiita Ushahidi, ambayo mwananchi aliweza kuripoti kwayo tukio alilolishuhudia na likaonekana kwenye ramani. Jina la Kiswahili hilo likaenda kutumika mpaka Haiti kwenye tetemeko la ardhi la 2010.

Hawakuishia hapo. Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya iliufuta uchaguzi wa rais, na miongoni mwa sababu ni namna matokeo yalivyorushwa, na tume kushindwa kutekeleza ipasavyo amri ya kufungua mitambo yake ikaguliwe. Somo likaingia. Agosti 2022 tume iliziweka fomu za matokeo za vituo zaidi ya 46,000 katika mtandao, wazi kwa kila mtu. Mtu wa Ghubra aliweza kufungua fomu ya kituo cha Lamu na kujumlisha mwenyewe. Walioshindwa walikwenda mahakamani, wakasikilizwa, hukumu ikatolewa. Sisemi Kenya ni malaika. Vijana wameuawa huko 2024 na 2025. Lakini kwa hesabu ya kura, kilichopunguza hasira ni kuonyesha, si kuficha.

Sasa turudi kwetu. Oktoba 28, 2015 Mwenyekiti wa ZEC, Jecha Salim Jecha, alifuta uchaguzi wa Zanzibar. Upande wa Maalim Seif ulisema una fomu za vituo na hesabu yake inaonyesha umeshinda. Upande wa pili ukakataa. Mpaka leo tunabishana, na mabishano hayo yametuachia kinyongo kisichokwisha. Lau fomu zile zingewekwa mtandaoni usiku ule ule, kila mwenye macho angesoma, na mwenye kosa angejulikana. Mficha maradhi kilio humuumbua.

Kwa hivyo tudai mambo mawili. Kwanza, iwepo sheria inayosema hakuna waziri, mamlaka wala kampuni ya simu itakayofunga intaneti bila ya amri ya mahakama iliyotangazwa hadharani na yenye muda maalumu. Pili, fomu ya kila kituo, Unguja, Pemba na Bara, iwekwe mtandaoni siku ile ile ya kuhesabu. Teknolojia ya kufanya hayo ipo. Anayeweza kuzima nchi nzima kwa siku moja hashindwi kupandisha picha za karatasi.

La tatu ni letu sisi wa nje. Tukitaka wakubwa wawajibike kwa wanayoyafanya, nasi tuwajibike kwa tunayoyasambaza. Kabla hujaipeleka picha, uliza imepigwa wapi, lini, na nani aliyekuwepo. Uwongo mmoja unaotoka Muscat au London ndio anaoupata mtawala wa kuutolea hoja siku ya kuzima mtandao. Tusimpe.