Bunduki Kuukuu si ya Fundi wa Baiskeli



Karafuu zikishaanikwa na mtu akapata nafasi ya kulitazama shamba lake la muhogo, huanza yale yale: nguruwe wamefukua, na bunduki ya babu yatolewa nyuma ya kabati. Hapo ndipo huonekana kuwa haifyatuki. Basi hupelekwa kwa fundi wa baiskeli, ambaye kwa baiskeli sina neno naye, akaifunga waya, akaitia tupa, akairudisha inang'ara kwa mafuta. Mimi nasema mtindo huu uachwe.

Ami yangu alikuwa na bunduki ya marisau ya midomo miwili, na mdomo mmoja ukigoma. Fundi akaitengeneza kamani, na kweli ikafyatuka. Lakini hapana aliyechungulia ndani ya mtutu, ambamo nyigu walikwisha kujenga nyumba yao ya udongo. Mtutu ukapasuka pale pale aliposhika kwa mkono wa kushoto. Vidole viwili vikaenda, na tangu siku hiyo hakupanda mkarafuu tena.

Bunduki inayogoma yataka kutafutiwa sababu. Mara nyingi ni mafuta ya zamani yaliyoganda ndani ya mtambo, au kutu ya hewa yetu ya bahari, hata nyundo ikapiga kwa unyonge. Au kamani imechoka, au ncha ya pini imelika. Itazame fataki iliyo kitakoni mwa risasi: ikiwa imebonyea kidogo tu, kosa ni la bunduki, ikiwa imebonyea sawasawa na haikuwaka, ilaumu risasi, khasa ile iliyokaa miaka mingi penye unyevu. Lakini usiifungue upesi! Mdomo uelekee pasipo na mtu, ungoje nusu dakika au zaidi, kwani baruti nyingine huchelewa kushika moto.

Liko na kosa lisiloonekana kwa macho, nalo ndilo ninalolichelea zaidi. Bunduki nyingi za zamani za Kiingereza zilichongwa chumba cha risasi cha inchi 2½, na risasi nyingi za leo ni za inchi 2¾. Risasi hiyo huingia bila ya taabu, maana kipimo ni cha ganda likishafunguka. Likipigwa hukosa nafasi ya kufunguka, na nguvu ya baruti huzidi ndani. Tena mitutu ile yenye mawimbi, iliyosokotwa kwa chuma na feleji, mingi ilifanywa kwa baruti nyeusi tu. Risasi ya namba 20 nayo huteleza ikazama katika mtutu wa namba 12. Mtu akadhani hakutia kitu, akatia nyingine nyuma yake. Ndiyo sababu viwanda huzipa za namba 20 rangi ya manjano.

Wako watakaosema fundi wa bunduki yuko mbali na ni ghali, na muhogo waliwa leo. Ni kweli. Basi leo na tukeshe na tutie ua.

Nimekwisha kumwomba Katibu aliandike katika ajenda ya mkutano ujao: tuchangiane gharama za kumleta fundi mwenye leseni, siku moja tu, kabla ya masika. Waje wenye vibali vyao mkononi. Asiye na kibali, njia yake ni polisi kwanza. Ya ami yangu sitaileta. Iko polisi tangu siku ile.