BABA KUKUSANYA KADI ZA NYUMBA NZIMA SIO UPENDO, NI WIZI WA KURA!

Haya wadau, uchaguzi ulishapita na wino ulishafutika vidoleni. Ila kuna jambo la Jumapili ile ya Oktoba 25, 2015 ambalo halitakiwi kufutika kirahisi hivyo.

Kuna picha imezunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp ya watu wa Tukuyu. Mzee mmoja mwenye jina lake mjini, yule ambaye harusi haifungwi bila yeye kukaa meza kuu, kasimama mbele ya Noah yake na familia. Yupo mke, mama yake mzazi, kijana wa kiume na binti. Wametoka kanisani, vitenge sare, vidole vitano vyenye wino viko juu. Chini kaandika: "Familia moja, sauti moja." Watu wakamwaga pongezi, eti hiyo ndio familia ya mfano.

Mfano wa nini sasa?

Waliokuwa kwenye foleni siku ile wanasimulia yale ambayo picha haikuonyesha. Usiku wa Jumamosi mshua alikusanya kadi zote za kupigia kura akaziweka mfuko wa koti. Kufika kituoni akawa anazigawa moja moja, kila kadi na maelekezo yake: rais huyu, mbunge huyu, diwani huyu. Kwa mke akaongeza sharti. Akiingia kwenye kituturi, apige picha karatasi alizotiki, akitoka amuonyeshe. Mke akajitetea kwamba simu yake haina chaji. Mshua akatoa ya kwake mfukoni akampa.

Jamani!

Ikafika zamu ya bibi. Yeye hakupanga foleni, maana wazee, wagonjwa, wajawazito na wanaonyonyesha wanapitishwa mbele. Mshua akarukia: "Mama haoni vizuri, naingia naye." Bibi akageuka akamwangalia. "Mwanangu, mimi napiga kura tangu enzi za jembe na nyumba. Baba yako hakuniuliza hata siku moja nimempa nani. Wewe ni nani?" Akamshika mkono mjukuu wake wa kike, wakaingia wawili. Foleni nzima ikaangua kicheko.

Na bibi alikuwa sahihi kabisa. Asiyeona vizuri anaruhusiwa kusaidiwa, ila anayechagua msaidizi ni yeye mwenyewe, sio mwanaye anayejipendekeza mlangoni.

Kwa vijana wasioijua hiyo ya jembe na nyumba: mwaka 1965, chama kikiwa kimoja, wagombea wawili wa ubunge walikuwa wanapewa alama, mmoja jembe na mwingine nyumba, ili hata asiyejua kusoma amjue mtu wake na apige kura mwenyewe. Miaka zaidi ya 50 imepita. Leo mtu ana simu kali, ana gari, halafu anataka mke wake aliyesoma asipige kura mwenyewe!

Tupige hesabu. Kila mpiga kura alipewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Watu watano ni karatasi 15. Kama zote zimetikiwa kwa amri ya mtu mmoja, hapo watu watano hawajapiga kura. Kapiga mmoja mara tano. Angekamatwa na kadi tano za kuungaunga angeitwa mwizi, ila kwa sababu wanne ni wa nyumbani kwake, anaitwa baba bora. Na udiwani wa kata unaweza kuamuliwa na kura chache sana. Zikiwepo nyumba kumi za hivi kwenye kata moja, diwani kachaguliwa na wababa kumi.

Na asije mtu kuleta ushabiki hapa. Wa Hapa Kazi Tu walifanya, wa Mabadiliko nao walifanya. Ugonjwa ni ule ule, tofauti ni rangi ya fulana.

Utasikia wengine: "Sisi huku baba ndio kichwa cha nyumba." Sawa, awe kichwa. Aamue ng'ombe auzwe lini, aamue shamba la chai lipaliliwe lini. Lakini Katiba yetu, Ibara ya 5, inampa haki ya kupiga kura kila raia aliyetimiza miaka 18. Haikusema kila kichwa cha nyumba. Wengine watasema ndiye anayewalisha. Kununua unga sio kununua kura ya anayeusonga ugali.

Tena ukiangalia vizuri, karatasi ile inamhusu mama kuliko yeye. Anayepanda na kushuka mabonde ya Rungwe na ndoo kichwani ni mama. Anayeamka usiku kumbeba mtoto mwenye homa hadi zahanati ni mama. Diwani akiwa mbovu, mshua anawasha Noah anaondoka. Mama anabaki na ndoo yake.

Mnajua mwisho wa ile picha? Mke alirudisha simu bila picha yoyote. Hakueleza kitu, alisema tu "nimemaliza." Jumatatu asubuhi hela ya matumizi haikuachwa mezani, na mama wa watu akaonekana soko la Tandale na mkungu wa ndizi akitafuta mteja. Hiyo ndio "sauti moja" mliyoipongeza.

Kwenda kituoni na familia ni jambo zuri sana. Mkumbushane mapema, mumbebe bibi kwenye gari, msubiriane nje, mkanywe chai pamoja. Ila mlango wa kituo ukishafika, kila mtu aingie na kichwa chake. Na kina mama, kina dada, kuanzia leo kadi ikae kwenye pochi yako, sio kwenye koti la mtu.

Wadau, nyumbani kwenu kadi zinakaa kwa nani? Funguka hapo chini, matusi hapana.