Anime za magari: kijana anayependa volani aziangalie, lakini asidanganyike

Vijana wengi wa Goma, Bukavu na Butembo wanaopenda magari wanapenda pia anime, zile katuni za Japani zinazopita kutoka simu moja hadi nyingine na kwenye flashi. Wakubwa wengi hawataki kuzisikia. Wanasema ni michezo ya watoto, tena zile za mashindano ya magari zinafundisha vijana kufa vibaya barabarani. Upande wa pili yuko kijana aliyemaliza kuangalia sehemu zote, na sasa anaamini yeye ni dereva. Wote wawili wamekosea. Inafaa kosa lao lisemwe wazi, sababu barabara za hapa hazina huruma.

Jibu ni fupi: ndiyo, anime za magari zinamfaa mtu anayependa kuendesha. Ziko na kazi yake. Lakini kazi hiyo si kutoa permis.

Gilasi ya maji

Inayojulikana kuliko zote ni Initial D. Ilianza mwaka 1995 kama hadithi ya michoro ya Shuichi Shigeno ndani ya gazeti Young Magazine la Japani, ikaendelea hadi 2013. Mwaka 1998 ikaingia kwenye televisheni. Kijana wa hadithi hiyo, Takumi Fujiwara, ni mwanafunzi wa sekondari. Baba yake anatengeneza na kuuza tofu, chakula laini cha soya. Kila alfajiri kijana anapeleka tofu kwenye hoteli iliyo juu ya mlima, ndani ya Toyota Sprinter Trueno AE86 ya baba yake. Baba anamwekea gilasi ya maji ndani ya gari, na sharti ni moja: maji yasimwagike.

Anayecheka gilasi hiyo hajaelewa gari. Dereva akipiga freni ghafla, uzito wote unakimbilia mbele na magurudumu ya nyuma yanabaki mepesi. Akikata kona kwa nguvu, uzito unalalia upande wa nje. Akiachia gesi ghafla katikati ya kona, nyuma inaweza kuteleza. Maji yanatulia kwa dereva anayepunguza mwendo kabla ya kona, anayezungusha volani bila kushtua gari, na anayeongeza gesi kidogokidogo wakati wa kutoka. Hilo ni somo la Hiace iliyojaa watu, mifuko ya mihogo ikiwa juu ya paa na mama mwenye mtoto mchanga akiwa kiti cha nyuma. Abiria ndiye gilasi ya maji.

Somo la pili ni uzito. Trueno hiyo ilitengenezwa kati ya 1983 na 1987, na injini yake ni ya lita 1.6 tu. Kwenye hadithi, inashinda Nissan Skyline GT-R wakati wa kushuka mlima. Chumvi imeongezwa hapo, lakini sababu inayotolewa ni ya kweli: gari zito likishuka kwa kasi linachosha freni na mipira ya mbele. Dereva wa Fuso anayeshuka Ngomo kuelekea Kamanyola, ama anayeshuka Kabasha kwenye barabara ya taifa namba 2, hana haja ya Mjapani kumweleza hayo. Anajua kwamba freni zikishika moto, kukanyaga hakusaidii tena. Ndiyo maana anashuka na vitesi vya chini, injini ikishikilia gari. Kijana ambaye hajawahi kushuka huko anaweza kulielewa jambo hilo mara ya kwanza ndani ya katuni. Kuna ubaya gani?

Tena hadithi hiyo haikutengenezwa na watu wasiojua volani. Mshauri wake alikuwa Keiichi Tsuchiya, dereva Mjapani anayeitwa mfalme wa drift, yaani ule mtindo wa kutelezesha gari ndani ya kona. Ni kweli alianzia kwenye barabara za milima. Lakini mwaka 1995 yeye na wenzake wawili, ndani ya Honda NSX, walishinda daraja la GT2 katika mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa. Mwaka 1999, kwenye mbio hizohizo, timu yake ilimaliza ya pili kati ya magari yote, ndani ya Toyota. Vijana wanaomsifu wanashika habari ya milima na kusahau ya Le Mans. Jina hilo kubwa lilijengwa kwenye uwanja wa mashindano, penye kofia ya chuma, madaktari wanaosubiri na njia isiyo na mtoto anayevuka.

Mahali zinapodanganya

Hapo ndipo wakubwa wako na haki. Barabara ya Initial D ni ya lami safi, usiku, na karibu haina mtu. Hakuna tshukudu iliyobeba makaa, hakuna mbuzi, hakuna motari asiye na taa, hakuna lori lililokufa katikati ya kona na matawi ya miti yamewekwa chini kama alama. Takumi mwenyewe alianza kuendesha akiwa na miaka 13, bila permis. Hilo ni kosa mbele ya sheria, Japani kama hapa Kongo. Na Wajapani hawakulichukulia kama mchezo: kwenye mlima Haruna, ambao ndio mfano wa mlima wa hadithi hiyo, barabara imewekwa matuta madogo ili kuzuia wale wanaokuja kutelezesha magari.

Kuna pia jambo ambalo anime haiwezi kumfundisha Mkongomani. Japani wanaendesha upande wa kushoto na volani iko kulia. Kongo watu wanaendesha upande wa kulia, lakini magari mengi ya mashariki yametoka Japani na volani yao imebaki kulia. Dereva anayetaka kupita lori hapa anakaa upande wa ukingo, haoni kinachokuja mbele hadi nusu ya gari lake iwe imetoka. Takumi hakuwahi kuwa na shida hiyo. Kijana anayeiga namna yake ya kupita magari anaiga macho ambayo yeye hana.

Mbaya zaidi kwa upande huu ni Wangan Midnight, ambayo inasifu kukimbiza magari usiku kwenye barabara kuu za Tokyo katikati ya magari ya watu wengine. Mashine zake zinapendeza kuangalia, na injini zinaelezwa vizuri. Lakini fundisho lake, kwamba mtu anaweza kufuata shauku yake huku akihatarisha mpita njia, linapaswa kukataliwa bila kuuma maneno.

Shigeno mwenyewe alisogea. Kwenye MF Ghost, hadithi yake ya baadaye, iliyoingia kwenye televisheni mwaka 2023, mbio bado zinapita milimani, lakini ni mashindano yaliyopangwa na barabara zimefungwa. Shabiki anayetaka kufuata mwandishi huyo amfuate hadi hapo alipofika.

Zile zinazostahili kuangaliwa kwanza

Jambo la kusikitisha ni kwamba vijana wanazungumza sana juu ya Initial D na kuacha ile inayofanana zaidi na maisha yao. Inaitwa Capeta, ya Masahito Soda, na ilionyeshwa kuanzia 2005. Mtoto amefiwa na mama. Baba anafanya kazi kwenye kampuni ya kutandika lami, na pesa haitoshi. Baba huyo anaokota vyuma na vipande vilivyotupwa, anamtengenezea mtoto gari dogo la mashindano. Kuanzia hapo hadithi haifichi kitu: mipira ni pesa, injini ni pesa, na mtoto wa tajiri anabadilisha mipira wakati wa maskini anahesabu sarafu. Kinachomwinua ni kujua gari lake, kusikiliza mafundi na kurudia zoezi.

Nyingine ni Overtake! ya 2023, juu ya timu ndogo ya magari ya Formula 4. Ndani yake kuna mpiga picha aliyebeba moyoni jeraha la tsunami iliyopiga Japani mwaka 2011, hata akashindwa kupiga tena picha za watu. Familia zilizokimbia makwao zitamwelewa mtu huyo kabla hata gari la kwanza halijawaka.

Kwa familia hizo, suala hili linapita starehe. Kijana aliyeacha shamba na shule nyuma yake, volani ni moja kati ya kazi chache anazoweza bado kuziota: leo anapakia mizigo na kuosha gari, kesho ni msaidizi wa dereva, keshokutwa anashika gari mwenyewe. Kumwambia kwamba anachopenda ni upumbavu ni kumfungia mlango ambao tayari ni mwembamba. Kumwachia simu peke yake bila neno ni kumtupa.

Na wale wanaopiga kelele kwamba katuni ndizo zinazoleta ajali wajibu kwanza maswali mengine. Nani asiyejua kwamba kuna watu wanaopata permis bila kushika volani hata siku moja? Nani anapakia watu saba mahali pa wanne? Nani anaruhusu lori lenye mipira iliyolika kuanza safari ya mlima? Si Takumi Fujiwara. Ni rahisi kulaumu filamu ya Japani, sababu filamu haijibu.

Basi madereva wa zamani waache kucheka. Wakae na vijana, waangalie pamoja sehemu moja, kisha waseme: hapa ni kweli, hapa ni uongo, hapa kwetu ungekufa. Dakika ishirini za namna hiyo zinaweza kumfaa kijana kuliko matusi ya mwaka mzima pale parking. Wazazi waulize mtoto anaangalia nini, na kwa nini gilasi ile haimwagiki. Na kijana mwenyewe, kabla ya kujiita dereva, aende auto-école, ajifunze alama za barabara, alale chini ya gari pamoja na fundi na kuona freni zinavyofanya kazi.

Anayetaka kweli kupunguza maiti barabarani aanze na permis zinazouzwa, freni zilizokwisha na mizigo inayozidi. Akimaliza hizo, ndipo aje kuzungumza juu ya katuni.