Cheti cha Maabara Hakimjui Bibi



Baada ya kikao chetu cha Jumatano, mwenzetu mmoja alitoa mkobani cheti cha maabara cha mama mkwe wake. Bibi ana miaka 78 na kilo 40. Miguu ilikuwa inamvimba, na kwa muda mrefu amekuwa akimeza diklofenaki kwa ajili ya magoti. Cheti kilionyesha kreatinini mikromoli 88 kwa lita, na pembeni pameandikwa "kawaida".

"Kumbe figo zake nzima!" alisema mwenzetu kwa furaha. Sisi hatukuifurahia ile 88.

Kreatinini ni taka itokayo kwenye misuli, na figo huitoa kwa njia ya mkojo. Mwenye misuli mingi hutengeneza nyingi, aliyekonda hutengeneza kidogo. Kijana wa miaka 25 mwenye kilo 70, anayebeba magunia sokoni, anaweza kuwa na 88 hiyohiyo na figo zake zikawa imara. Bibi taka yake ni haba. Ikifika 88 ni kwa sababu figo zinachelewa kuitoa. Cockcroft na Gault walitoa mwaka 1976 hesabu inayotumia umri, uzito na jinsia pamoja na kreatinini. Kwa hesabu hiyo figo za kijana husafisha kama mililita 112 kwa dakika. Za bibi, kama 29 tu.

Tena uzee una ujanja wake. Figo zinapungua nguvu, na misuli nayo inapungua, hivyo namba kwenye cheti inaweza kukaa palepale miaka mingi huku hali ikiharibika. Na diklofenaki, ambayo watu huinunua kama pipi, huzidi kuzibana figo zilizochoka.

Urithi nao una neno lake. Binti akipimwa damu na kuambiwa chembe nyeupe ni chache, majirani huanza kunong'ona. Waafrika wengi tumerithi damu isiyo na alama iitwayo Duffy kwenye chembe nyekundu. Watu hao huwa na nyutrofili, aina mojawapo ya chembe nyeupe, chache zaidi katika damu, na bado hupambana na maambukizo vizuri. Urithi huohuo huwakinga kwa kiasi kikubwa na malaria ya Plasmodium vivax. Vipimo vingi vya "kawaida" viliwekwa kwa kupima watu wa asili ya Ulaya, basi binti mzima anaonekana mgonjwa. Hatusemi kila upungufu ni urithi. Dawa na magonjwa huuleta pia, na daktari atachunguza. Ila virusi vya UKIMWI hujulikana kwa kipimo chake chenyewe, si kwa kuhesabu chembe nyeupe wala kwa minong'ono ya kisimani.

Tulimwomba mwenzetu amrudishe bibi kwa daktari, na abebe vidonge vyote anavyotumia, hata vile vya dukani na mizizi ya kuchemsha. Diklofenaki ilisimamishwa siku hiyohiyo, mkojo ukapimwa protini, na damu itapimwa tena. Kwa sasa magoti yanakandwa kwa maji ya moto kila jioni, na bibi analalamika kwamba mjukuu wake anakanda kama anayepapasa paka.